Chini ya Sauti ya Kwanza

Kwa miaka ishirini na mbili nilisimama mstari wa mbele wa kwaya yetu, sauti ya kwanza, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia gitaa la besi. Nasema kweli tupu. Lilikuwapo nyuma yangu kila Jumapili, limeunganishwa na spika kubwa kuliko kabati la nguo, na mtu amesimama nalo anatokwa na jasho. Ungeniuliza linapiga nini, ningekujibu kwamba linapiga bum-bum, basi. Mimi nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Nilikuwa mwanzilishi wa nyimbo. Kwa asiyejua kwaya za kwetu huku Geita, mwanzilishi hangoji chombo kimpe sauti. Anafumba macho, anafungua kinywa, anaanza pale koo lake linapopenda siku hiyo, na waimbaji wanampokea. Vyombo ndivyo vinavyomtafuta. Wapiga magitaa wanainamisha vichwa, wanapapasa nyuzi mpaka wamkute alipo, ndipo ngoma inaingia. Nikiwa na furaha nilianza juu. Nikiwa nimegombana na mume wangu nilianza juu zaidi. Hakuna aliyewahi kulalamika, na nadhani waliniogopa, maana mimi ni fundi cherehani niliyezaliwa Ngokolo, nikaletwa huku machimboni na ndoa, na ulimi wangu unajulikana kuanzia sokoni mpaka kwenye mashimo.

Kisha koo likaota uvimbe. Daktari alinieleza vizuri kabla ya kunipasua: uvimbe umeshikana na mshipa unaoendesha sauti, ataujali mshipa kadiri atakavyoweza, lakini sauti inaweza kubaki na inaweza kuondoka. Nikatia saini. Nilipozinduka niliomba maji, na kilichotoka kinywani kilikuwa upepo. Miezi ikapita, upepo ukawa mkwaruzo, na hapo ukagota mpaka leo. Mume wangu, ambaye hawezi kumaliza siku bila utani, alisema nyumba sasa imepata amani. Sikumpikia siku mbili.

Nilirudi kwenye kwaya hivyo hivyo. Nilisimama mahali pangu, nikawa natikisa midomo tu, huku wimbo ukipita masikioni kama nguo ya mtu mwingine. Jumapili ya tatu ilipopita, mwenyekiti wa kwaya alikuja kibandani kwangu. Ni mtu mpole. Aliketi, akasifia kitambaa nilichokuwa nakata, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mvua, na nilipoona amefika kwenye mvua nilijua kuna jambo. Alisema kamati imefikiri kunipa heshima ya ulezi.

Mlezi wa kwaya ni cheo kizuri. Unapewa kiti cha plastiki chenye mikono, unakaa mbele pembeni, unavaa sare, unatajwa kwenye risala. Na huimbi tena mpaka unakufa. Nimewashonea sare walezi watatu wa kwaya yetu, na nimewaona wanavyotazama viatu vyao wimbo unapoanza. Nilimwambia mwenyekiti sitaki kiti.

"Sasa mayu," akasema, maana yeye ni Msukuma wa shamba na mama yeyote kwake ni mayu, "bila sauti utafanya nini kwenye kwaya?"

"Nitapiga besi," nikasema.

Sikusema kwa mapenzi, nilisema kwa hasira. Kama filimbi ndiyo ingekuwa haina mtu, ningesema filimbi. Mpiga besi wetu, mchimbaji, alikuwa ameondoka muda si mrefu. Kwaya za machimboni ndivyo zilivyo: ikisikika kwamba dhahabu imeonekana pori fulani, inakuwa rashi, na asubuhi moja sululu, ndoo na wapiga besi wote wamekwisha hama. Gitaa lilikuwa limelala stoo ya kanisa, limefunikwa gunia.

Mwenyekiti akacheka, akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Tukakubaliana pale pale. Nitapewa gitaa nijifunze. Siku ya Sikukuu ya Mavuno nitapiga mbele ya kanisa zima, na kama nikiweza, mahali pangu ni nyuma na vyombo, hakuna atakayenigusa. Nikishindwa, nitakubali kiti bila maneno. Alisisitiza hilo la maneno.

Aliyeniletea gitaa ni mpiga solo wetu, baba wa watoto wanne, fundi wa pampu za kunyonya maji mashimoni. Alinilinganishia nyuzi, akanionyesha jinsi ya kubana na jinsi ya kukwanyua, akaniambia nyimbo zetu nyingi zina vituo vitatu tu, akanionyesha vituo vyenyewe kwenye shingo ya gitaa. "Uzi huu mnene ndio mama yao," alisema. "Huu ukikaa vizuri, hawa watatu wanamfuata." Kisha akaitwa kwenye kazi ya pampu mbali, akaniacha.

Gitaa la besi lisilo na spika ni kitu cha kusikitisha. Ni zito, shingo yake ni ndefu kuliko mkono wangu, na ukilipiga linatoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye pazia. Nilijidanganya kwamba vidole vya fundi cherehani ni vigumu. Viliota malengelenge siku ya pili, na nikawa nashona huku nimevifunga vitambaa. Wateja waliuliza kama nimeungua. Nilisema ndiyo.

Siku ya tano au ya sita nilichoka. Niliegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la vyombo ili nipumzishe bega, nikagusa uzi mnene bila kukusudia. Kabati likaitika. Vikombe vya chai vilitetemeka kwenye visahani vyake, mlango wa kioo ukanguruma, na sauti nzito, pana, ikajaa chumba na ikakaa. Niligeuka nikidhani kuna mtu ameingia.

Nikapiga tena, safari hii nimelibana gitaa kifuani. Na hapo, chini ya mfupa wa kifua, pale pale ambapo sauti yangu ilikuwa inaanzia kabla haijapanda kooni, kitu kikatetemeka. Karibu mwaka mzima pale palikuwa pamekufa ganzi. Nilipiga uzi ule ule mmoja, sijui mara ngapi, mpaka mume wangu akaja kuuliza kama kuna chakula. Nilimwambia aweke mkono hapa. Akauweka kifuani pangu, nikapiga, akauondoa haraka, akanitazama, akaurudisha. Siku hiyo hakufanya utani wowote, na mchana tulikula viporo.

Tangu siku hiyo sikuwa tena na hasira na gitaa. Nilikuwa naliogopa kidogo, kama unavyomwogopa mgeni ambaye hujajua ukubwa wake. Niliamka mapema nikaligusa kabla ya kuwasha jiko. Nilishangaa kwamba kidole kimoja, tena cha mwanamke mfupi, kinaweza kuamsha mbao na vioo na mifupa kwa pamoja. Usemi ni kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na kweli ya Firauni yalikuwa mbele.

Lakini kwanza nieleze ujinga wangu. Nyuma ya nyumba yetu jirani ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pipa la chuma linalozunguka kutwa likinguruma. Ukikaa jirani nalo miaka mingi hulisikii tena. Gitaa ndilo lililonifungua masikio, na nikagundua jambo lililonifanya nijione nimebarikiwa: uzi mnene ukipigwa wazi, bila kubanwa, ulikuwa unakubaliana kabisa na mngurumo wa karasha. Mpiga solo hakuwepo kunilinganishia. Basi kila asubuhi nilisikiliza karasha, nikakaza uzi mnene au kuulegeza mpaka vikawa kitu kimoja, na wale watatu nikawalinganisha na mama yao. Niliona Mungu amenipa mwalimu bure.

Nilichokuwa sijui ni kwamba karasha likijazwa mawe mengi linaelemewa, na mngurumo wake unazama. Miezi ile wachimbaji walikuwa wamepata mwamba mzuri. Wao walikuwa wanapanda, na mimi kila asubuhi nilikuwa nashuka na mngurumo.

Nilipokwenda mazoezini mara ya kwanza nilijiamini mno. Walinifunga kwenye spika, wimbo ukaanza, nikaingia. Kila mtu aligeuka. Wengine waliziba masikio bila kujificha. Mpiga solo, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye pampu zake wiki hiyo hiyo, aliinua mkono tusimame, akasema nyuzi zangu zimelegea. Nikamwambia nyuzi zangu ziko sawa, gitaa lake ndilo limeingia tope la mashimoni. Akasema hata gitaa la ridhim linakubaliana na lake. Nikasema basi wamekosea wawili. Niliyasema yote hayo kwa mkwaruzo, mbele ya kwaya nzima, huku mwenyekiti akinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kuzomewa.

Kesho yake mpiga solo alikuja nyumbani na simu yenye programu ya kupimia nyuzi. Akapima, akatikisa kichwa. "Ulilinganisha na nini?" Nikamwonyesha kwa kidole nje, kwenye mngurumo. Alisikiliza. Akapiga uzi. Akasikiliza tena. Kisha akacheka mpaka akakalia furushi la sare za watu.

"Mayu, wabeja sana," akasema, akinishukuru kwa Kisukuma huku akifuta machozi. "Hujajifunza wimbo wetu. Umejifunza wa karasha."

Nilitaka kumfukuza, nikajikuta nacheka na mimi, kicheko changu kipya kisicho na sauti. Alipotulia aliniambia nitafute ile rekodi ya kwaya, ya wimbo wa mavuno, tuliyorekodi nikiwa mzima. Niivalie visikilizi masikioni, nimsikilize mpiga besi tu. "Usimsikilize mwimbaji," alisema. "Sikiliza yule aliye chini yake." Hakumtaja mwimbaji ni nani, na nilimshukuru kwa hilo.

Nilikuwa sijathubutu kuisikiliza rekodi ile tangu nipasuliwe. Nilifunga mlango wa kibanda, nikavaa visikilizi. Sauti yangu ikatoka, ya juu, safi, haina woga wowote. Nililia, sina haja ya kuficha. Nikarudia. Nikarudia tena. Na mara ya nne au ya tano, kama macho yanavyozoea kiza, sikio likamshika yule aliye chini.

Alikuwa ananifuata. Nilipovuta pumzi, alisubiri. Nilipochelewa kwa mbwembwe zangu, alinyoosha sauti moja mpaka nilipojisikia kurudi. Mwishoni mwa ubeti wa pili, mahali ambapo nilijisifu miaka yote kwamba naimba kwa hisia, nilisikia wazi kabisa kwamba nimepotea. Nimetoka nje ya wimbo. Na yule mchimbaji, ambaye sikumbuki kama niliwahi kumpa hata asante, alitoka nje nami, akatembea nami hatua tatu nne, akanirudisha ndani taratibu, kiasi kwamba watu waliosikiliza wimbo ule waliniambia pale ndipo wanapopapenda. Nilivua visikilizi nikakaa. Nje watu walipita na mikokoteni ya mawe. Nilikuwa nimeimba miaka ishirini na mbili nikidhani nasimama kwa miguu yangu.

Tangu siku hiyo nilijifunza kwa namna nyingine. Nilikanyaga cherehani, mguu ukinishikia mwendo, na kichwani napiga. Nilikwenda mazoezini mapema, nikawa nasikiliza pumzi za watu. Nilijua nani anashusha bega kabla ya kuanza na nani anameza mate. Sauti ya nne, wale wanaume niliokuwa nawaita ng'ombe wa kwaya, nilikuta wanaimba vitu vizuri ambavyo sikuwahi kuvijua. Mpiga solo alinitania: "Aliye juu mngoje chini, mayu. Umefika."

Jambo moja tu lilinishinda. Wimbo wa mavuno, wimbo wangu, ulipewa binti mmoja anayeuza mitumba sokoni, aje kuuanzisha. Alikuwa na adabu. Kila mazoezi alinijia, "Shikamoo mama," na mimi, "Marahaba," nikigeukia nyuzi. Alikuwa na sauti, lazima niseme. Ubeti wa tatu wa wimbo ule unapanda, unapanda, mpaka kwenye sauti moja ya juu ambayo huifikii kwa kukaza koo. Unaifikia kwa kujiachia. Alikuwa anaifikia. Kila alipoifikia nilitazama sakafu.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Kanisa lilijaa mahindi, mpunga, kuku waliofungwa miguu, magunia ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na mbuzi mmoja aliyelia wakati wa tangazo. Walikuja wanakwaya wageni kutoka Nyahanga, wamevaa suti, wana vyombo vinavyong'aa, wakaimba vizuri mpaka watu wetu wakasahau kuwa wenyeji. Mbele pembeni palikuwa na viti vya walezi watatu, na kando yao cha nne, kitupu, kimefutwa vumbi. Mwenyekiti hakuniangalia. Nilielewa kwamba ni mtu wa kujiandaa.

Tukaitwa. Binti akafumba macho, akaanza.

Alianza juu mno. Ilikuwa hofu ya wale wageni. Naijua hofu hiyo, inainua koo bila mtu kujua. Alikuwa juu ya mazoezi yetu kwa nafasi mbili nzima za gitaa, na mahali alipoanzia hakuna koo la mtu ambalo lingeufikia ule ubeti wa tatu. Vyombo vikamtafuta, tukamkuta, ngoma ikaingia, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeufikiria ubeti wa tatu isipokuwa mimi. Katikati ya ubeti wa kwanza binti naye alijua. Nilimwona mgongo wake. Shingo ilikakamaa, na mkono wake wa kushoto ukashika sketi, sketi niliyoishona mimi.

Nitasema ukweli kwa kuwa nimeshaanza kuusema: nilifurahi. Nilipiga vituo vyangu vitatu kwa usahihi wote, nikasubiri aanguke. Nisingekosea chochote. Watu wangekumbuka ni nani aliyekuwa akiufikisha wimbo ule, na mimi ningekuwa nimetimiza ahadi yangu, kiti kikabaki kitupu.

Ubeti wa pili ukaisha. Hapo waimbaji hunyamaza, vyombo hucheza peke yake kabla ya ubeti unaopanda. Binti aligeuza uso kidogo, akawa ananitazama. Sijui alikuwa anatafuta nini. Yule mchimbaji alinijia akilini, jinsi alivyotoka nje pamoja nami.

Kama ningeushusha wimbo na wenzangu wasinifuate, pangekuwa na vurugu, na kosa lingekuwa la besi, mbele ya wageni, mbele ya kile kiti. Nililijua hilo. Mkono wangu wa kushoto ukateleza chini nafasi mbili.

Palikuwa na mapigo mawili ya kutisha. Mpiga solo aliinua kichwa akanitazama kama niliyechanganyikiwa. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akamtazama binti, akarudisha macho kwangu, na vidole vyake vikashuka. Ridhim akamfuata bila kuuliza. Ngoma haikujua lolote, iliendelea tu na kazi yake. Nikapiga uzi kwa nguvu, mara moja, mara mbili, nikiwatengenezea sakafu mpya, na nikasikia watu arobaini wakivuta pumzi.

Wakaingia chini. Wote. Wanaume, wanawake, sauti nne, waliteremka kwa pamoja kama watu wanaoshuka ngazi ambayo hawakuiona, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ameteremka. Nilihisi uzito wao ukija kwenye nyuzi. Sijawahi kushika kitu kikubwa namna ile maishani mwangu, na sitegemei kushika tena. Binti akaanza kupanda, bega likashuka, shingo ikalegea, akapanda, na kwenye ile sauti ya juu akajiachia, na ikatoka. Ikatoka safi. Mimi nilikuwa chini yake, na kifua changu kilitetemeka nayo yote, tangu ilipoanza mpaka ilipokwisha. Wageni wa Nyahanga walisimama.

Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa mavuno. Mwenyekiti alipita karibu yangu na kuku mkononi, akasema mazoezi Jumamosi ni saa tisa na nisichelewe kama nilivyozoea enzi za kuimba. Mpiga solo alikuwa anakunja nyaya. Alinitazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akaendelea kukunja.

Kisha binti akaja mbio, amebeba soda mbili, uso wote unang'aa jasho.

"Mama, uliona?" akasema. "Nilianza juu, nikajua leo nimekwisha. Nikaomba moyoni. Na Mungu akaushusha wimbo, mama, kweli tena, niliusikia unashuka!"

Mimi, ambaye nimewahi kugombana na soko zima kwa ajili ya haki yangu ya mita moja ya kitambaa, nilifungua kinywa nimwambie. Alikuwa amenishika mkono, ule wa kushoto.

"Amina," nikasema.